Pichi Yenu Iko Tayari

Aibu hii nimeibeba karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu, na wanaonijua watashangaa, maana mimi ndiye yule anayesimulia kila kitu, hata mapumziko ya chai pale gereji kwetu hayaishi bila sauti yangu. Lakini hii ilinikaba. Ilimhusu mama yangu mzazi, ikamhusu na marehemu wa watu nisiowajua, na linaloniuma zaidi ni kwamba ningeweza kuyaepuka yote kwa simu ya dakika mbili.

Mimi ni dereva wa basi hapa London. Naishi Thamesmead na mke wangu na binti yetu Neema, ambaye alizaliwa hapa hapa, ana miaka kumi na sita, na Kiswahili anakisikia chote ila akijibu anajibu Kiingereza. Mama alikuja kututembelea kutoka Tukuyu akakaa nasi miezi mitatu, na katika miezi yote hiyo aliomba kitu kimoja tu. Marehemu baba alikuwa bwana mifugo, na alipokuwa kijana serikali ilimleta Uingereza kusomea mambo ya ng'ombe wa maziwa, akakaa mwaka mzima katika mji mdogo huko kusini (jina lake silitaji, wenyewe wamenivumilia vya kutosha). Kutoka kule alimtumia mama picha: amekaa kwenye ukingo wa birika la mawe la kunyweshea farasi, katikati ya mji, amevaa koti kubwa la kuazima, ameshika kikombe. Nyuma ya picha aliandika kwamba siku moja watakaa pale wote wawili wanywe chai. Hawakukaa. Sasa mama ana miaka sabini na nane, magoti yamemchoka, na alishasema hii ndiyo ndege yake ya mwisho. Alitaka kukaa pale kwenye birika, anywe kikombe kimoja, kisha arudi nyumbani kwake.

Treni ingetosha. Lakini mimi nikataka kufanya jambo kubwa, nikakodi lile gari lenye vitanda na jiko na choo humo humo ndani, gari-nyumba, ili mama asihangaike na ngazi za stesheni. Tuondoke Jumamosi alfajiri, tulale kule kwenye kambi ya magari ya aina hiyo, Jumapili asubuhi anywe chai yake bila haraka, Jumanne apande ndege. Wiki mbili nzima kila nikitoka zamu nilikuwa mezani na daftari, naandika maji, gesi, mashuka, tutasimama wapi mama anyooshe miguu. Mke wangu, ambaye anahudumia wazee na wikendi hiyo alikuwa na zamu, akaniambia, "Baba Neema, wapigie watu wa hiyo kambi uulize vizuri utaingilia wapi." Nikamwambia nitapiga.

Sikupiga. Mimi na simu za Kiingereza hatupatani. Ana kwa ana naongea vizuri, mikono inanisaidia, lakini kwenye simu niliwahi kuambiwa nimpe mtu mwingine anayejua Kiingereza (na hapo nilikuwa na miaka kumi na moja nchini, naendesha basi la watu themanini), na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuandika ujumbe tu. Nikawaandikia, nao wakajibu kwamba pitch yetu iko tayari, ni ya nyasi, tupite kwenye kijia kilicho karibu na kanisa, na kama hatuna uhakika tupige simu.

Sasa nawaomba mnisikilize kabla hamjacheka. Neno hilo nimelijua tangu utotoni, kwenye matangazo ya mpira redioni: pichi ni kiwanja. Na kwetu kiwanja cha mpira ndicho kila kitu, mkutano wa kampeni ni pale, mahubiri ni pale, mnada ni pale, helikopta ya waziri inatua pale. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo. Nilijisemea, kumbe hata Wazungu nao wageni wao huwaweka kiwanjani.

Njiani mama alikaa mbele pembeni yangu, chupa ya chai ya tangawizi mapajani, picha ya baba ndani ya Biblia, akiangalia mashamba. Akaniuliza, "Huko tunakokwenda umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza, mama."

"Baba yako aliandika kwamba watu wa kule ukiwauliza njia wanaacha kazi zao wakuelekeze. Yeye alikuwa anauliza mpaka njia anayoijua."

Nikasema ndiyo, nikaongeza mwendo.

Tulifika saa nne asubuhi. Kanisa nikaliona, kijia nikakiona, na mwisho wake lango liko wazi, na ndani ya lango kiwanja ambacho sijawahi kukiona kizuri vile, nyasi zimekatwa sawasawa kuanzia ukingo hadi ukingo, na upande mmoja kijumba cheupe chenye baraza. Mama akasema kwa mshangao, "Majani yote haya na hakuna hata ng'ombe mmoja." Neema akaweka simu yake chini akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hadhani ni hapa, tumuulize mtu.

"Imeandikwa pitch," nikasema. "Hii siyo pitch?"

Akajibu ni pitch, lakini siyo.

"Ni pitch lakini siyo," nikarudia, nikacheka, nikamwambia mama kwamba watoto wa siku hizi wanasoma sana hadi maneno yanawachanganya.

Katikati ya kiwanja palikuwa na kipande kirefu chembamba, nyasi zake fupi kuliko nyingine zote, kimezungushiwa kamba nyeupe. Mtu mwingine angeiona ile kamba akajua haingiliki. Mimi niliona kamba nikajua mgeni rasmi ametengewa nafasi. Nikashuka, nikaifungua, nikaikunja vizuri nikaiweka pembeni (mimi ni mtu wa utaratibu), nikarudi kwenye usukani nikalipanda lile eneo na kuliegesha gari limenyooka kabisa, kama ninavyoegesha basi. Ardhi niliisikia laini chini ya magurudumu. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Nikatoa meza, nikatoa kiti cha mama, nikawasha jiko dogo la gesi nikaanza kumkaangia mayai.

Watu wakaanza kuingia. Wanaume waliovaa nguo nyeupe kuanzia juu hadi chini na kitambaa cheusi mkononi, wazee kwa akina mama waliovaa makoti, wakawa wanafika langoni wanasimama. Hakuna aliyepiga kelele. Niliwapungia mkono. Mmoja akanipungia, nadhani kwa mazoea tu. Kisha mzee mmoja mrefu akavua kofia akaja kwetu taratibu, akatusalimia, akaniuliza kwa adabu kubwa kama labda tumepotea.

Nikamwambia hapana, ahsante, sisi tuna nafasi yetu, nikamtolea simu asome.

Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Halafu akanieleza, sauti ya chini ili mama asisikie (hakujua kwamba mama haelewi Kiingereza), kwamba kambi iko upande wa pili wa kanisa, na kule pitch ni nafasi ya kuegesha gari, kila gari na ya kwake. Hapa ni kiwanja cha kriketi. Na kipande hiki nilichokikanyaga kimetunzwa miaka zaidi ya arobaini na mtu mmoja, alikuwa anakimwagilia, anakikata, hata mjukuu wake haruhusiwi kukatiza, na mtu huyo alifariki majira ya kuchipua. Leo ndiyo mechi ya kwanza bila yeye. Walikuja kusimama kimya kando ya kipande hiki, kisha wacheze. Mjane wake ni yule mama wa koti la kijani.

Nikatazama lile koti la kijani. Yule mama alikuwa ametulia pale langoni, mikono ndani ya mifuko, anaangalia gari langu.

Mzee akasema tusubiri, waje vijana na mbao waziweke chini ya magurudumu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, maana la kwanza lilikuwa la kutojua, na la kutojua husameheka. Sikutaka kusubiri. Nilitaka niwe nimetoweka kabla yule mama hajakaribia. Nikazima jiko, nikarusha meza na kiti ndani, nikawapandisha mama na Neema, nikamwambia mzee udereva ndiyo kazi yangu, nikawasha gari nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka pale pale. Vijana wanne wa nguo nyeupe wakakimbilia nyuma kusukuma, gari likajikokota hadi mwisho wa kipande, nami nikazidi kukanyaga, na kwenye kioo nikaliona tope jeusi likiwarukia suruali, fulana, nyuso. Chini ya sakafu kitu kikavunjika kwa mlio mzito. Nilipozima injini gari lilikuwa limezama karibu nusu ya magurudumu ya mbele, na nyuma yake mitaro miwili imekata kile kipande kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikashuka topeni. Wale vijana wakajifuta nyuso, na hakuna hata mmoja aliyenitukana. Ningeshukuru kama wangenitukana.

Mama alikuwa ameshashuka, amesimama na fimbo yake. Vitambaa vyeusi mikononi alishaviona. Hakuniuliza mimi, alimgeukia Neema. "Hawa wana msiba?"

Na Neema, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akimjibu bibi yake kwa kutikisa kichwa na kutabasamu, akafungua mdomo akasema, "Ndiyo, Bibi. Ni mume wake... yule, yule wa kijani. Majani haya yeye alikuwa anatunza. Kila siku."

"Na sisi tumeyakanyaga na gari."

"Ndiyo, Bibi."

Mama akanitazama. "Ulisema umeuliza."

Nina miaka arobaini na tisa, nilisimama mbele ya mama yangu na binti yangu na mji mzima, tope hadi magotini, nikainamisha kichwa.

Akamshika Neema mkono wakaenda hadi kwa yule mjane, nami nikafuata nyuma. Mama akajifunga kitenge vizuri, akaiweka fimbo chini, na kwa magoti yale yale ambayo yalikuwa hayamruhusu kupanda ngazi, akakaa chini kwenye nyasi zenye maji, miguuni pa yule mama, vile wanawake wa kwetu wanavyokaa na mfiwa. Nilitaka kumwinua. Neema akanizuia.

"Mwambie poleni," mama akasema. "Mwambie kosa ni la mwanangu, si la gari. Na mwambie hata wangu alikuwa mtu wa majani, alikuwa anayapanda kwa ajili ya ng'ombe, na ukimkanyagia alikuwa hali chakula."

Neema akayatafsiri yote, hakuruka hata lile la mwanangu. Yule mjane alisikiliza, akamtazama mama pale chini, akawa kama hajui afanye nini na mikono yake. Kisha na yeye akakaa. Akakaa na koti lake la kijani kwenye majani, akaanza kulia, na mama akampakata kichwa. Watu wote pale wakavua kofia, wakasimama kimya, na hakuna aliyeangalia saa.

Mechi haikuchezwa. Trekta lilikuja alasiri likatutoa, na gari likapandishwa kwenye lori la kubeba magari mabovu. Yule mzee mrefu aliuliza kama mama angependa kuuona mji wakati tunasubiri, ni dakika tano tu kwa gari lake. Nikamwambia mama, nikamkumbusha birika, nikamwambia twende, mama, ni pale tu.

"Nimeshakaa msibani," akasema. "Siinuki hapa nikaenda kutalii."

Na ile picha hakuitoa. Nilipomwambia amwonyeshe yule mjane alikataa, akasema leo si siku ya mume wake. Jioni lori liliturudisha London, na Jumanne mama akapanda ndege, Biblia mkononi na picha humo ndani. Pale kwenye uwanja wa ndege aliniaga vizuri tu, akanibariki. Birika hakulitaja.

Tangu hapo nimerudi kule mara sita, kwa treni. Mzee yule ananipa reki na mbegu, namsaidia kukirudishia kipande kile udongo na majani, na mara ya tatu mjane alituletea chai. Mara ya kwanza nilipomaliza kazi nilitoka hadi barabarani nikamsimamisha mama mmoja aliyekuwa na mbwa, nikamwambia samahani, naomba kuuliza, birika la farasi liko wapi. Akanielekeza kwa robo saa nzima, kisha akanisindikiza.

Lipo. Wameotesha maua ndani yake, lakini ukingo ni ule ule, na pale alipokaa baba jiwe limelika kidogo. Nikampigia mama simu ya video. Kule Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha, yuko barazani na kikombe chake mkononi. Nikazungusha simu polepole aone kila upande, naye akawa ananiambia sogeza, rudisha, hapo hapo, tulia. Alilitazama muda mrefu. Akanywa chai yake. Nami nilijua vizuri kwamba kuonyeshwa si sawa na kukaa, na kwamba pale hatakaa kamwe, na kwamba sababu ni mimi.

Mwishowe akauliza, "Hapo umefikaje? Umebahatisha?"

"Nimeuliza, mama."

Akaisogeza simu karibu na uso wake, akanitazama sawasawa, kama anayehakikisha.

"Haya," akasema. "Sasa kaa."

Nikakaa.