Mzazi Haoshi Damu Yake

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, pale Kibondo, mume wangu Elia aliporudi na gari lake, akalizima mbele ya mlango, asishuke. Alikuwa amemchukua mwanamke mmoja Kumsenga kumpeleka hospitali ya pale Kibondo. Jina lake Spesioza. Njia ilikuwa ndefu na mtoto hakuwa na muda wa kusubiri. Akazaliwa kwenye siti ya nyuma, mji ukiwa bado mbali. Mtoto mzima, mama mzima. Aliyekuwa hoi ni Elia.

Usimcheke, mwanangu. Gari lilikuwa kuukuu, limepita mikono mingi kabla ya kutufikia, lakini siti zake za kitambaa Elia alizitunza kuliko mashuka yetu. Ndiyo kwanza alikuwa ameshonesha kava mpya za maua kwa fundi wa Kasulu. Sasa kava zile zina damu, na damu imepenya hadi kwenye siti yenyewe. Majirani wakaja kuchungulia dirishani, wakanong'ona kwamba gari limeingia mkosi, nani atakaa tena hapo? Na Elia, kwa hasira, alikuwa ameshamwambia mume wa Spesioza kule hospitalini: "Aliyechafua aje asafishe." Neno likishatoka halirudi.

Kesho yake mimi na mama mkwe tulikuwa uani tunamenya mihogo. Tukaona mwanamke anaingia polepole, anashika ukuta kila hatua chache. Kifuani amefunga kichanga kwa kitenge. Mkononi ana ndoo, na ndani ya ndoo kipande cha sabuni ya mche.

"Mwakeye, mama," akasalimia. "Ni mimi wa kwenye gari. Nimekuja kuosha."

Mama mkwe wangu alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Siku ile hakuitumia. Alimpokea ndoo, akamketisha mkekani, akampa uji wa ulezi. Ndipo akamwita mwanawe.

"Elia, wewe nilikuzaa Munanila, juu ya mkeka. Mkeka ule aliuosha nani?"

Elia akaitazama ndoo.

"Aliuosha bibi yako, mama yake baba yako. Mimi nilikaa karibu na moto, nikanywa uji. Kwetu Buha mzazi haoshi damu yake. Haoshi! Huyu ametoka hospitalini kwa miguu, na ndoo, kwa sababu ya mdomo wako. Haya, shika ndoo."

"Lakini mama, mimi mwanamume..."

"Kwani siti ni ya nani?"

Nilitaka kucheka, nikajifanya nakohoa. Kisha nikamtazama Spesioza anavyopuliza uji huku mkono mmoja umemshikilia mtoto, kicheko kikanikauka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi wakati ule nilikuwa sijazaa. Hata hivyo uliniuma. Nikaapa moyoni kwamba siti ile itatakata, na hakuna mwanamke atakayeingia tena uani kwetu na ndoo yake.

Nikakimbilia jikoni kuinjika maji. Mama mkwe akanidaka mlangoni. "Ukimwagia maji ya moto umeipika damu, haitoki tena. Damu inataka maji baridi na chumvi." Neno hilo likaniingia kichwani, halijatoka hadi leo.

Elia akaing'oa siti, tukaivua kava. Kava tukaziloweka kwenye maji baridi ya chumvi, tukayamwaga, tukaweka mengine, mpaka yakabaki meupe. Siti tukaikung'uta kwanza vumbi ikiwa kavu, kwani vumbi jekundu la huku likikutana na maji ni tope, nalo huacha doa lake. Halafu siti haimwagiwi ndoo, mwanangu. Sponji inakunywa tu. Juu patakauka, ndani patavunda. Tulilowesha kitambaa kidogo, tukagandamiza, tukakausha kwa kitambaa kingine, kutoka pembeni kuja katikati ili doa lisitambae. Elia alifanya hivyo akiwa amepiga magoti, na jioni mume wa Spesioza alipokuja kumchukua mkewe, alimkuta hivyo hivyo. Elia akawaomba radhi wote wawili, macho yakiwa chini. Haikuwa rahisi kwake, nami nilimpenda zaidi kwa hilo.

Lakini doa lilikuwa kaidi. Na masika nayo! Jua linachungulia, tunaitoa siti nje. Manyunyu yanaanza, tunaikimbiza ndani. Siku zikapita. Elia akachoka.

"Halitoki hili. Bora nivishe kava, mambo yaishe."

"Kama halitoki, basi na sisi hatutoki," nikamjibu. Kamba hukata jiwe. Nikarudia chumvi, nikaongeza na sabuni, vidole vikachubuka. Mwishowe kikabaki kivuli ambacho ungekiona kama umeambiwa pa kutazama. Siti ikakauka hadi ndani, haina harufu.

Mama mkwe akavaa kitenge chake cha kanisani. Majirani wakiwa barabarani wanatazama, akafungua mlango wa nyuma, akakaa pale pale, katikati. "Elia, nipeleke Kumsenga nikamwone mtoto," akasema, na sasa sauti ile ya bonde aliitumia. Maneno ya mkosi yakaishia hapo. Miaka iliyofuata Elia alibeba wajawazito wengi. Wengine waliwahi kufika, wengine hawakuwahi. Hakuna aliyeambiwa alete ndoo.

Mwanangu, leo wewe una gari lako, kuukuu pia, lenye siti za kitambaa. Nimesikia kwamba ukimwona mjamzito ameshika kiuno barabarani, unaongeza mwendo. Imeniuma kusikia hivyo. Ukipenda boga, penda na ua lake: aliyenunua gari la kubeba watu amekubali na jasho lao, na matapishi yao, na damu yao. Siti chafu ina dawa, nami nimekupa: kung'uta kwanza, maji baridi kwa damu, usiloweshe sponji, usifunike kabla haijakauka, na usichoke mapema. Mwanamke uliyemwacha njiani akijifungulia majanini, huyo nimpe dawa gani? Simama, mfungulie mlango. Ukimaliza, osha mwenyewe, na asijue kwamba uliosha.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie mikono na moyo, akufikishe wewe na unaowabeba. Na siti zako zichakae kwa kukaliwa na watu.