Kwa Mreno Kuku Ni Rahisi

Jina langu sitalitaja, maana mama yangu bado yu hai na wapo majirani wanaomsomea gazeti. Lakini kosa ni langu, sitafuti wa kugawana naye. Mdogo wangu hayupo kwa ajili ya mdomo wangu mimi, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ile Wazungu walipokuja kulima karanga kule Nachingwea, nilikuwa nashona barazani kwa Mhindi mmoja pale Lindi mjini. Wenyeji mnakumbuka. Karanga zenyewe hatukuziona, bei tuliziona. Mpishi wa Mzungu akifika sokoni hasemi punguza. Anachukua kuku, anachukua mayai, anachukua samaki aina ya changu wakubwa wakubwa, analipa anachoambiwa, anakwenda zake. Sisi tuliobaki tunaambiwa bei ya mpishi. Mwenye nyumba wangu naye akapandisha kodi, eti kila kitu kimepanda, na chumba chenyewe mvua ikinyesha nalala nimekaa.

Basi nikashikwa na ugonjwa wa kuuliza. Mtu yeyote aliyetoka nchi nyingine nilimkalisha kwenye mkeka wangu nikamhoji. Unguja pishi ya mchele bei gani? Mombasa chumba bei gani? Ngazija je, samaki? Watu wakanizoea, wengine wakipita wananitajia bei za uongo ili wanicheke. Unguja nikaiona ghali, Mombasa ghali zaidi. Ndipo akatokea mchuuzi mmoja wa masufuria aliyekuwa akitoka kwa Mreno, ng'ambo ya mto Ruvuma. Akaniambia kule kuku mzima anauzwa kwa bei ya mayai ya Lindi, na nyumba mtu unapewa tu ukae.

Yule mchuuzi hakunidanganya. Haki ya Mungu, hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaani.

Mama anakaa Kitomanga, analima muhogo na mtama, na aliyekuwa akimsaidia ni mdogo wangu Selemani. Baba alikufa Selemani akiwa bado ananyonya, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa kaka na baba pia. Nikisema twende, anafunga mzigo. Nikaenda Kitomanga nikamwambia mama kuwa namchukua Selemani tukaanze maisha kwa Mreno, tukishakaa vizuri tutakuja kumchukua na yeye.

Mama akauliza, "Huko wanakaa watu gani?"

Nikamtajia bei ya kuku.

"Nimekuuliza watu, wewe unanijibu kuku," akasema. Akaendelea kumenya muhogo wake. Mwisho akasema, "Haya. Wewe ndiye mkubwa. Lakini leo nakukabidhi mtu, na mimi nitakuja kukudai mtu."

Sasa nifike kwa Chilumba. Huyu ni Mmakonde wa ng'ambo hiyo hiyo ya Mreno, mtu mzima, uso mzima chale, kazi yake kukata mkonge kwenye shamba moja karibu na mji. Mimi ni Mmwera, na sisi na wao ni watani. Asiyeujua utani wa huku kwetu nimweleze. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Anaweza kujilaza ndani ya kaburi la ndugu yako msizike mpaka apewe chochote. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Siku zile zile shangazi yangu akafariki. Chilumba akaja mazikoni kutimiza utani wake. Akaingia kaburini, akalala chali, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka aambiwe huyu fundi anahamia wapi. Watu wakamjibu, anahamia kwenu.

"Kwetu?" akasema. "Wamwera mna akili jamani. Sisi tunavuka kuja huku hata nguo hatuna, mwenzetu anavuka kwenda huko na cherehani. Nenda, mtani. Kule kuku ni rahisi kwa sababu wenye kuku wamefungwa kamba. Na wewe watakufunga kiunoni kama beberu la Idi, ukachimbe barabara kwa kucha."

Watu walicheka hapo makaburini mpaka shehe akageuka upande. Nami nikacheka. Nikamrushia senti akatoka, tukamzika shangazi.

Baada ya siku chache Chilumba akaja barazani kwangu. Hakunivua kofia wala hakumtukana mama yangu. Alikaa kwenye ngazi, akasubiri mteja aondoke.

"Fundi," akasema, "yale ya kaburini."

"Yapi?"

"Usiende. Mimi kaka zangu wawili walichukuliwa, na sijui walipo."

Wasomaji, hapa ndipo penye kosa langu, na nitalisema lilivyo. Nilijua. Alipotaja kaka zake nilijua huyu mtu anasema kweli, maana macho yake hayakuwa ya utani. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshajaa kuku, na nilikuwa nimeshajitapa mji mzima kwamba nahama. Nikakata uzi kwa meno, nikamwambia, "Sema kweli, unaogopa nitawaoa dada zako wote."

Nilimfunga mdomo kwa kanuni yake mwenyewe. Mtani akishataniwa atafanya nini? Akacheka, kwa sababu ilimpasa kucheka.

"Haya, mtani," akasema. "Waoe. Na shangazi zangu usiwasahau." Akainuka akaenda zake.

Selemani alikuwepo, nilikwisha kumleta mjini, alikuwa ananipigia pasi. Akasema, "Kaka, yule leo hakuja kutania."

"Mtani hutania hata akilia," nikamjibu. Akarudia pasi yake. Mimi si ndiye mkubwa?

Tukaondoka. Selemani kajitwika cherehani, mimi nimebeba mkeka na sufuria. Tulifika mtoni Ruvuma mchana, tukamkuta mvushaji anatoa maji kwenye mtumbwi wake. Mtumbwi wa kwenda ulikuwa hauna abiria ila sisi wawili. Ule uliokuwa unatoka ng'ambo ulijaa mpaka maji yanachungulia ndani, wanaume, wanawake na watoto, hawana mizigo. Mvushaji akatutoza nauli ndogo sana. Nikamuuliza mbona rahisi hivi, akasema kwenda ni rahisi, kurudi ndiko ghali. Nikamgeukia Selemani nikamwambia, "Unaona? Urahisi umeanzia hapa hapa." Niliyasema hayo huku nimeutazama ule mtumbwi uliojaa! Ujinga mwingine mtu hafundishwi, anazaliwa nao.

Kijijini kwa Mreno tulipokewa vizuri. Jumbe wao akatuonyesha nyumba, akasema kaeni, mwenyewe hayupo. Ndani kulikuwa na kinu, na mchi umo ndani ya kinu, na kitanda cha kamba kimetandikwa. Kodi hakuna. Bandani kulikuwa na kuku watatu wa mwenye nyumba, tukaambiwa tuwatunze, yaani tuwale. Nilikaa kwenye kile kitanda nikacheka peke yangu. Nikamkumbuka mwenye nyumba wangu wa Lindi, nikamtukana.

Tulikula kuku mpaka tukawachoka. Watu hawakuwa na fedha, wakileta nguo ya kutia kiraka wanaleta na kuku. Samaki hivyo hivyo. Ijumaa nikaenda msikitini, nikakuta wazee, vipofu, na kiwete mmoja. Safu ya kwanza ina nafasi tele. Mtu mwenye akili angejiuliza vijana wa mji huu wako wapi. Mimi nilifurahi kupata safu ya kwanza.

Selemani hakufurahi. Alikuwa akizunguka ile nyumba anashikashika vitu vya mwenyewe. Siku moja akaniambia, "Kaka, mtu haachi mchi ndani ya kinu. Huyu hakuhama, huyu alikimbia." Nikamwambia akachote maji.

Wakaja alasiri. Jumbe mbele, nyuma yake masipai wawili, hao ni askari wa Mreno, wana bunduki na kamba ya katani. Mkonge wetu huu huu, labda ulikatwa huku huku Lindi. Jumbe hakunitazama usoni. Akasema, "Nyumba hii inadaiwa mtu mmoja. Wa kazi. Mwenyewe alikimbia kabla hajatoa, na aliyekaa ndani ndiye anayelipa."

Ndiyo kodi yenyewe hiyo, ndugu zangu. Nyumba haikuwa ya bure hata siku moja.

Sipai mmoja akaninyooshea kidole, akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi fundi, na mkono wangu juu ya cherehani, nikaonyesha suruali yake iliyopasuka goti, nikasema naweza kumshonea sasa hivi. Akaitazama suruali yake. Kisha akamnyooshea kidole Selemani, aliyekuwa uani anakusanya kuku.

"Na yule?"

Ningeweza kusema ni msaidizi wangu wa kushona. Neno fupi, na hata halikuwa uongo, pasi alikuwa akipiga yeye. Nimelala na neno hilo miaka yote hii. Lakini niliiona ile kamba, nikaona wanataka mtu mmoja na asipokuwa yeye ni mimi. Nikasema, "Yule ni mdogo wangu. Mkulima. Ana nguvu."

Nilimsifu nguvu! Mdogo wangu mwenyewe, nilimsifu kama mtu anayeuza ng'ombe.

Selemani alisikia. Hakupiga kelele, hakuniita jina baya. Wakamfunga kiunoni, kama Chilumba alivyosema, kiunoni hasa. Alipofika kwenye ua akageuka, akasema, "Kaka, kuku mmoja bado hajaingia." Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Nami nikabaki nashona suruali ya sipai, maana mwenyewe alibaki nyuma kuisubiri.

Wakasema atarudi kazi ikiisha. Mvua zikaja zikaisha. Waliochukuliwa pamoja naye wakarudi wachache, wamekonda, wengine hawataki hata kusema. Mmoja akasema alimwacha kwenye shamba jingine. Mwingine akasema homa. Mwingine akasema kuna waliopakiwa melini kupelekwa kisiwa cha mbali sana, huenda alikuwemo. Nilizunguka nikiuliza kama nilivyokuwa nauliza bei, na kila mtu akanipa yake.

Mwisho nikarudi mtoni. Safari hii mtumbwi umejaa, na mimi ni mmoja wa wale wasio na mizigo. Mvushaji alikuwa yule yule. Kurudi ni ghali, alikwisha niambia. Nikampa cherehani.

Kitomanga nilimkuta mama nyuma ya nyumba. Nikasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa akitazama njia nyuma yangu. Akasema, "Mwenzio yuko nyuma anakuja?" Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, nikamwambia yote, hata lile la nguvu. Sikumficha.

Matanga alikataa. Alisema haweki matanga ya mtu aliye hai, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Hatusomi hitima, hatumtaji kama maiti, hatumtaji kama mzima. Siku nikienda gulioni na mama, tukipita kwenye matenga ya kuku, husimama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza kweli, "Na kule, mwanangu, bei gani?" Siku zote huuliza. Nami humjibu, maana ni mama.

Chilumba nilimkwepa muda mrefu. Kisha nikaona bora nimwendee. Nilitaka anitukane, jamani. Nilitaka aniambie Mmwera mjinga, nilikwambia, anivue kofia, aite watu wanicheke. Nilikuwa na kiu ya matusi yake. Nikamkuta amekaa na wenzake wa mkonge. Aliponiona akainuka. Alikwisha sikia. Wenzake wakatabasamu wakingoja utani.

Akanipa mkono, akasema, "Pole sana, bwana."

Bwana! Hajaniita hivyo maisha yake yote. Akarudi akakaa na wenzake.

Nanyi mnaouliza uliza nchi ipi maisha ni rahisi, nanyi mnaosikia kuna mahali nyumba ni bure, siwakatazi kusafiri. Lakini ukifika kivukoni, uangalie mtumbwi unaotoka ng'ambo umejaa nani, na uwaulize wanakimbia nini. Na mtu akikwambia jambo kwa utani ukacheka, cheka umalize, kisha umfuate kwake umuulize tena. Akija yeye mwenyewe, mpe mkeka umsikilize.

Mimi sasa nashona kwa cherehani ya kukodi, barazani pale pale. Chilumba hupita kila mwisho wa wiki akitoka mkonge. Akifika kwangu hunisalimu kwa adabu, "Hujambo, bwana fundi," akapita. Kofia yangu ipo kichwani, hakuna anayeigusa.