Uvimbe Usiouma

Dada yangu Generosa, ambaye pale Katoro wengi walimwita Mama Rhoda, aliwalea watoto wake kwa kuponda mawe ya dhahabu. Wanawake huifanya kazi hiyo wakiwa wamekaa chini, kinu cha chuma katikati ya miguu, mchi wa chuma ukipanda na kushuka mbele ya kifua. Jioni kila mmoja hulalamikia kifua. Hukandana kwa kitambaa cha moto, na kesho hurudi.

Basi alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto, alisema ni mchi. Wenzake nao wakasema ni mchi.

"Mama Rhoda, umeficha jiwe humo," mwenzake mmoja aitwaye Sikujua alimtania. "Lete tuliponde, huenda lina dhahabu."

"Likiwa na dhahabu utaniona tena hapa? Nitahamia Mwanza kimya kimya!"

Wakacheka, naye akaendelea kukanda. Uvimbe haukumuuma, na hilo ndilo lililomtuliza. Mavuno yakapita, yakaja mengine. Ngozi ilipobonyea na chuchu kuzama ndani, nilimpeleka hospitali, nao wakatutuma Mwanza. Daktari alisema ni saratani, na imeshafika kwenye mapafu. Akasema mchi hauleti saratani, na kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauumi mwanzoni.

"Kumbe nilipaswa kuogopa kwa sababu hauumi," Generosa akasema.

Tulimrudisha nyumbani. Niliomba kwa kufunga, na kanisa zima likaomba. Sikujua alipoleta uji, dada alifungua vifungo vya blauzi.

"Lete mkono."

"Mayu, mama yangu! Hapana, nitakuumiza."

"Gusa, uujue ulivyo."

Sikujua akagusa, machozi yakamtoka.

"Kila mwezi, ukishamaliza siku zako, jipapase kwa vidole," dada alimwambia. "Titi lote, mpaka kwapani. Ukikuta kitu, usikikande. Nenda hospitali. Na usimwachie mwenzetu Mama Mihayo akutanie, maana yule ni mbaya kuliko wewe."

Siku zile aliwaita wote aliokuwa akiponda nao, mmoja mmoja, mpaka sauti ikakauka. Bwana alimchukua wiki ya Pasaka. Tulimzika kwetu Shinyanga, karibu na mama yetu. Nasema mapenzi ya Mungu yatimizwe, lakini wakati mwingine nayasema huku nimeuma meno.

Baada ya matanga Rhoda, bintiye mkubwa, alijifungia chumbani. Nilikaa mlangoni nikisali kwa sauti ya chini. Alikawia. Alipotoka alikuwa anafunga kanga upya.

"Hakuna kitu, mama mdogo."

"Na kwapani?"

"Hata kwapani."

Nikasema asante Yesu. Ndipo akaniegemea na kulia, kilio ambacho hakukilia makaburini, akiuliza kwa nini mama yake hakuambiwa na mtu mapema.