Lori la Hoteli Msibani

Sipendi kuulizwa habari za kurudisha kwa jamii. Kwenye semina za watu wa hoteli hapa Dodoma siku hizi ndilo swali la kwanza, na mimi, mkurugenzi wa huduma kwa wageni, ndiye ninayesukumiwa kipaza sauti. Nasema yanayotakiwa: madawati, mashuka ya zahanati, miche ya miti. Wanapiga makofi. Nakaa chini na hasira zangu, maana kichwani naliona lori letu likikata kona kuingia nyumbani kwetu, nje kidogo ya Zuzu, siku tuliyomzika mama.

Mama alifariki Bunge likiwa limeanza na hoteli imejaa pomoni. Nilimpigia simu mwenye hoteli kuomba ruhusa. Si mtu mbaya yule bwana, nieleweke. Huruma anayo ya kweli, ila ni huruma isiyobisha hodi. "Dada, wewe kazi yako kulia tu," akaniambia. "Mengine tuachie sisi." Nikamwambia kwetu watu huzika wenyewe, asihangaike. "Acha hizo bwana, wewe ni wetu." Kumbe lori lilishaondoka.

Kwetu msiba ni kazi. Ukisikia kilio unachukua kuni, au dumu la maji, au unga wa uwele kadiri ulivyojaliwa, unakwenda. Wanawake wanapika, wanaume wanachimba kaburi kwa kupokezana. Mama alikuwa na mwiko wake wa misibani, mrefu kama mpini wa jembe, na sijui ni nyumba gani pale kijijini ambayo haikuwahi kula ugali uliosongwa kwa mwiko ule. Siku yake ilikuwa zamu ya wenzake kumsongea yeye.

Wanakijiji walifika asubuhi wakakuta mahema. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe kwa nyuma. Wapishi wetu wamevaa kofia, majiko ya gesi yanawaka. Kule kaburini, mafundi waliokodiwa kutoka Kizota, mjini, walikuwa wameshachimba hadi kiunoni, mifuko ya saruji na vigae vimepangwa pembeni. Wanaume wa kijiji walisimama na sururu zao mabegani, wakatazama. Nani angesema neno? Watu wa kwetu wana adabu. Walisalimia, wakatafutiwa viti.

Rafiki mkubwa wa mama, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja amejitwisha mzigo wa kuni. Nikamkimbilia.

"Karibu mama, tua."

"Nitue wapi, mwanangu?" akauliza, akiyatazama majiko ya gesi.

Kabla sijajibu, mhudumu wetu, niliyemfundisha kazi mwenyewe, alimjia na tabasamu na chupa ya maji baridi, akamwonyesha kiti. Mama wa watu akashukuru, akageuka na kuni zake kichwani, akarudi nazo kwake. Jamani! Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini.

Watu walikula wakashiba, wakaisifu pilau. Mpiga picha wetu alifanya kazi yake. Siku ya kuanua matanga lori lilipakia viti, na kijiji kikatawanyika mapema, kama watu waliotoka harusini kwa mtu wasiyemjua sana.

Nilimtaka baba aje mjini. Alikataa katakata. "Mama," akasema, ndivyo anavyoniita binti yake, "nikae huko ndani ya geti nifanye nini? Hapa nina watu." Hicho ndicho alichobakiwa nacho baada ya mama. Watu.

Na watu hawakuja. Si kwa ubaya. Kwetu mgane huletewa ugali jioni, huitwa kusaidia kukamata ng'ombe siku ya chanjo, hutaniwa mpaka acheke apende asipende. Baba walimwona ana hoteli nzima nyuma yake, wakaona wao ugali wao wa uwele na mlenda waupeleke wapi. Kila nilipokwenda nilimkuta anakoroga uji peke yake. Nikiuliza, ananijibu, "Watu wana kazi, mama."

Kisha akafariki mume wa yule rafiki wa mama. Alikuwa mwenzake baba tangu wakichunga mbuzi pamoja. Nilikuwa nyumbani. Baba hakusubiri hata chai; alitia sururu begani, nikamfuata.

"Shikamoo babu," vijana wakamwamkia kaburini.

"Marahaba, wajukuu. Nipisheni."

Mmoja akaipokea sururu kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Hapana babu, wewe pumzika." Wakamletea kiti cha plastiki, kimoja tu chenye mikono, na soda. Wazee wenzake, wengine migongo imepinda kumshinda yeye, walikuwa wanapokezana sururu, kila mmoja akipiga mara moja moja na kumtania marehemu kwamba hata leo anawatuma kazi.

Baba akainuka. "Jamani, huyu ni mwenzangu. Nipeni na mimi, hata mara moja."

Sururu zikasimama. Mdogo wake marehemu akasema polepole, "Mzee, sisi hapa hatuna vigae. Tusikuchoshe."

Baba akakaa.

Adabu ile naijua, ndiyo inayonipa mshahara. Mgeni asinyanyuke, asiguse kitu, asibebe hata begi lake. Nilimtazama baba kwenye kile kiti, mikono magotini, anatabasamu kama wageni wetu wanavyotabasamu wakiwa hawajui wafanye nini. Nilitamani kupiga kelele. Ningemkemea nani? Walikuwa wanamhudumia.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni akasimama. "Kesho twende huko kwako."

"Baba, si ulikataa?"

"Nilikataa nilipokuwa na kwangu. Kama ni kuwa mgeni, basi niwe mgeni kwa binti yangu."

Asubuhi alitoka na begi la nguo na ile sururu. Nilitaka kumwambia mjini sururu haina kazi, uani kwangu kote kumepigwa sakafu. Badala yake nikafungua buti, nikasogea pembeni aipakie mwenyewe.