Siku Niliyoshindwa Kusoma Programu Yangu Mwenyewe

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikiitaja mwili unanisisimka. Ilikuwa Koboko, huku kwetu West Nile, miaka ya tisini, watu wamerudi kutoka uhamishoni wanajenga upya. Nilikuwa kijana wa kupenda sifa, tena sana.

Kituo chetu cha afya kilikuwa na friji ya chanjo, na kompyuta kuukuu iliyopima joto la ndani na kuiwasha au kuizima. Programu yake iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Forth. Ilitufikia bure kwenye diskete, kutoka kwa watu wa mbali wasiotujua hata kwa jina, wameiacha wazi: soma, rekebisha, mpe mwenzako. Katika Forth unatunga maneno madogo, yaani amri, kwa hayo unajenga makubwa, na kila neno unaliita upendavyo. Aliyenifundisha ni Mzee Luate, fundi wa redio za jeshi zamani. Yeye aliita neno moja PIMA, jingine WASHA, na kando ya kila moja akaeleza linafanya nini, ili hata muuguzi aweze kusoma.

Basi mimi nikawaza, kila mtu akijua, nitabaki na thamani gani? Mzee alipokwenda kwao Lurujo kulima, nikafuta maelezo yote. PIMA nikaiita Q4, WASHA ikawa Q11. Hata programu ya asili kwenye diskete nikaifuta, nikaweka yangu mahali pake. Ujinga gani huo, jamani! Nikajiona fundi pekee West Nile nzima.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa Manibe kwenye harusi ya dada yangu, ikaja pikapu kunichukua. Kipimajoto kilikuwa kimeharibika, wameweka kipya, na hicho kipya kinasoma vingine. Ilibaki kubadilisha namba moja tu ndani ya programu. Mzee Luate, aliyekuwa amesharudi, aliitafuta siku mbili asiione, na muuguzi wetu, Sista Poni, akawa anaiwasha na kuizima friji kwa mkono, hapumziki.

Nikaingia kifua mbele. "Mzee, nipishe kidogo." Nikakaa. Mwanangu! Nilitazama Q4, nikatazama Q11, nikatazama Q17, sikujua ipi ni ipi. Maneno niliyoyaandika kwa vidole vyangu! Jasho likanitoka. Niseme sijui? Aibu. Nikabahatisha namba, friji ikawaka, nikasema tayari.

Alasiri Sista Poni akafungua mlango wa friji, akashika mdomo. Friji haikuwa imezimika hata mara moja. Chupa zote za chanjo ya pepopunda na kifaduro zimeganda, na chanjo hiyo ikiganda ni ya kutupa.

Mzee hakunifokea. Bora angenipiga.

"Kwenda ambia hawa mama," alisema. "Chanjo iko imekufa. Sema ni nani aliua."

Nje akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri. Nikawaambia yote, majina niliyobadilisha, maelezo niliyofuta. Mmoja akanitazama. Hakukasirika, alishangaa tu.

"Ulikuwa naficha hii kitu kwa nani?" akauliza. "Kwa sisi?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Ndiyo maana nakusumbua na habari hizi za zamani. Kitu ulichopewa wazi, kiache wazi. Andika ili mtu asiyekujua aweze kuendelea siku unaumwa, uko safarini, au umeshakufa. Na usidhani maelezo unawaandikia wengine tu, maana wa kwanza kuyahitaji huenda ukawa wewe. Ukishindwa kusoma, sema umeshindwa, hapo hapo, kabla hujagusa kitu. Usijitafutie thamani kwa kuwaacha wenzako gizani.

Mungu akupe ujuzi, mwanangu, na moyo wa kuugawa. Na mama atakayekuja kwako na mtoto wake, asirudi nyumbani bure kwa sababu yako.