Waya wa Chumba cha Kula

Nimemwapia mke wangu mara tatu kwamba hatuhami tena. Mara ya kwanza ilikuwa Louisville, nilipokuwa nasukuma mizigo ghalani na mgongo unanilaumu kila asubuhi. Mara ya pili Columbus, nilikosoma ufundi wa mitandao ya kompyuta nikiwa na miaka arobaini na moja, na siku ya kwanza darasa zima likanidhani mimi ndiye mwalimu. Mara ya tatu Buffalo, baada ya kupata kazi katika kiwanda kimoja cha Tonawanda. "Na hii ikikushinda," aliniambia huku akifunga masanduku, "utahama peke yako." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio, siku tisini. Nilipewa swichi zote za kiwanda nizisanidi upya. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu ambamo nyaya za kompyuta, printa na mashine hukutana, zikapeana habari. Sasa chukua waya mmoja, chomeka ncha zote mbili kwenye kisanduku kilekile, uone balaa. Ujumbe unatokea tundu hili na kuingilia tundu lile, kisanduku kinadhani ni mpya, kinausambaza tena kwa wote. Ni kama kundi la WhatsApp la ukoo: habari ileile inazunguka, kila mtu anaituma upya, mpaka mwenye shida ya kweli hasikiki. Dawa ipo, tena ni mistari michache tu ya maagizo. Unakiambia kisanduku kifunge tundu lolote linalokirudishia maneno yake mwenyewe, halafu unakiwekea kikomo cha matangazo yanayoweza kupita kwa mara moja. Nilifanya hivyo ofisini, stoo, na kwenye mistari ya uzalishaji. Nikajiona fundi hasa.

Jumatatu ya wiki ya saba, saa nne asubuhi, printa za lebo zilinyamaza. Bila lebo, katoni haitoki. Mistari ikasimama mmoja baada ya mwingine, kiwanda kikawa kimya kiasi cha kusikia watu wakikohoa. Nilikimbia huku na huko na laptop mkononi saa nzima, jasho linanitoka, mpaka nikafika chumba cha kula. Pale ukutani, juu ya maikrowevu, kuna swichi ndogo, na waya mmoja mweupe uliokuwa unaning'inia tangu skrini ya matangazo ilipoondolewa. Sasa ulikuwa hauning'inii tena. Ncha zote mbili zilikuwa zimechomekwa.

Nikauchomoa, na baada ya muda mashine zikaamka. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Niligeuka kwa watu waliokuwa wakila, wengi wao Wakongo wenzangu, nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Nani mwenye akili zake amechomeka huu waya?" Mama mmoja anayepanga katoni aliweka kijiko chini, akafunika chakula chake.

Mama huyo namjua. Tunakaa mtaa mmoja, Lower West Side, na ndiye aliyeniambia kwamba kiwandani wanatafuta fundi. Kiswahili chake ni cha Bukavu. Changu kilinyooshwa na shule za kambini, Kigoma. Analea wajukuu watatu peke yake. Kile chumba cha kula amekifanya sebule yake: kila Jumatatu anafika kabla ya wote, anapangusa meza, anatandika kitambaa, kwa sababu siku hiyo kila mtu analeta chakula na wanakula pamoja.

Mchana bosi aliwakusanya watu, akasema aliyehusika ajitokeze kabla ya zamu kwisha. Mimi akanitaka niandike ripoti. Nikaketi, nikafungua setingi za ile swichi ndogo ili nione jinsi kinga yangu ilivyoshindwa. Hakukuwa na kinga. Nikafungua daftari langu la kazi. "Chumba cha kula: baadaye." Mwandiko wangu mwenyewe. Nikakumbuka nilivyowaza siku ile: kuna nini cha maana huko, maikrowevu? Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hakuna mwingine aliyejua. Nikalifunga daftari.

Sijaandika hata mstari mmoja wa ripoti, mama akaingia.

"Mwana yangu," alisema, "ile kamba, ni mie njo niliichomeka. Saa ya mapumziko ilikuwa inaninginia juu ya sombe, ile chakula ya batu. Nikaona kitundu iko wazi, nikasema, bon, iingie pale, ikae muzuri. Donc, twende kwa bosi. Kizungu yangu haifike. Utanisemea."

Nilimwambia hana haja ya kwenda. Nikamkumbusha kwamba tayari ana onyo la mwisho, kwa sababu ya mabasi yaliyochelewa siku za theluji, na kwamba safari hii watamwondoa. Alisema anajua. Lakini toka asubuhi watu kwenye mstari wanaangaliana vibaya, kila mmoja anamshuku mwenzake, na yeye ndiye mkubwa wao. Akatangulia mbele, mimi nikamfuata na daftari kwapani.

Bosi hakuinuka. Mama alisimama wima, mikono ameikutanisha mbele, akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Ni mie. Sikujua. Munisamehe." Maneno manne. Bosi akanigeukia, anangoja tafsiri.

Nakiri hapa kwamba kwa kitambo nilitaka kuyatafsiri hayo manne na kunyamaza. Ingekuwa tafsiri safi, isiyo na hata neno moja la uongo. Mama angekwenda zake, mimi ningemaliza siku zangu tisini, mke wangu asingefunga masanduku tena. Nikamtazama mama. Alikuwa ananiangalia bila wasiwasi wowote, ameniamini kabisa, na hapo nikajichukia.

Nikatafsiri. Kisha nikaendelea. Nilisema kiwanda hakikuangushwa na mtu anayesafisha meza, kiliangushwa na swichi isiyo na kinga, na kinga hiyo nilikabidhiwa mimi niiweke. Nikafungua daftari nikamwonyesha ukurasa. Nikasema nilikidharau chumba cha kula. Kiingereza changu kikaanza kukatikakatika.

Mama akanivuta shati. "Mbona maneno yangu ilikuwa kidogo, na yako inakuwa mingi? Unamuambia nini?"

Nikamweleza yote kwa Kiswahili. Akaliachia shati langu.

"Na asubuhi ulitupigia makelele?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Tutaongea," alisema.

Bosi alikuwa bado anasoma ule ukurasa. Aliuliza jambo moja tu: kuiweka hiyo kinga kunachukua muda gani. Nikasema dakika kumi. Akainuka, akatuashiria tumfuate.

Chumba cha kula kilikuwa kitupu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, laptop mapajani, nikaandika ile mistari, nikaisoma mara mbili, nikaihifadhi. Bosi akauchukua waya mweupe, akampa mama, akamwonyesha matundu mawili. Mama akatikisa kichwa kukataa. "Chomeka, mama," nilimwambia, "sasa hauwezi kuua kitu." Sikuwa na uhakika kama nilivyojifanya. Ncha ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ilimsumbua kidogo, lakini ikaingia. Taa ya tundu lile ikawaka rangi ya chungwa, ikazimika: kisanduku kimelifunga. Tukasimama watatu tunasikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi. Printa zilikuwa zinatoa lebo, katoni zinapita, mtu huko ndani akacheka kwa jambo lake. Nilitaka kulia.

Bosi alisikiliza mpaka akaridhika. Akasema maneno machache, akatoka.

"Anasema nini?" aliuliza mama, mkono wake ungali umeshika waya.

"Anasema turudi kazini."

"Siye bote mbili?"

"Wote wawili, mama."