Uzi Ulioandikwa Umeharibika

Muuguzi wa chumba cha kamera ya tumbo alikuwa amewachoka wageni. Kila wiki mkuu wa kitengo alileta wapya, wanasimama na simu zao juu, na Sista anaambiwa aandae vifaa waonyeshwe kidonda kinavyoshonwa kwa ndani bila mtu kupasuliwa. Na kinachoshonwa ni nini? Tumbo la mbuzi la kutoka buchani! Ila uzi ni ule ule wa wagonjwa, unaokuja na sindano yake, ukishatumika ndiyo basi. Nyuzi kumi na moja zilikwenda hivyo, kwa ajili ya picha.

Wa kumi na mbili, uliobaki peke yake, akauficha. Daftarini aliandika "umeharibika", akausukumia chini ya glavu kwenye droo. Miaka kumi na tisa kazini hakuwahi kuandika uongo.

Jumatatu asubuhi akaletwa seremala mmoja, anatapika damu. Moyo wake mbovu, na madaktari wa upasuaji walishasema wakimpasua hatoki hai. Dokta wa kamera akampitishia mpira mdomoni, akaubana kwa klipu mshipa uliokuwa ukivuja kwenye kidonda cha tumbo. Ikachomoka. Ya pili nayo vilevile, maana kingo za kidonda zilikuwa ngumu, klipu haipati pa kushika. Damu ikajaa kwenye skrini.

"Tungekuwa na uzi ningemshona," Dokta akasema.

Sista alipandwa na hasira mpaka machozi yakamlengalenga. Tungekuwa nao, eti. Na yeye Dokta ameshona mbuzi mara ngapi, anacheka na wageni? Akavuta droo.

"Huo si uliharibika?" mkuu wa kitengo akauliza, amesimama mlangoni.

"Niliandika uongo, bosi. Dokta, shika tushone."

Dokta akapitisha sindano ukingo huu, akaitoa ule wa pili. Sista akavuta uzi polepole mpaka kidonda kikafumba. Wakangoja dakika kumi, damu haikutoka tena.

Saa sita mchana mkuu akampa Sista barua: ajieleze kwa nini alidanganya daftarini. Aliisoma akiwa wima. Zile nyuzi kumi na moja za mbuzi hakuna aliyeziulizia.

Kabla hajaikunja, mkuu akarudi, akafunga mlango.

"Sista," akasema kwa sauti ya chini, "wodi ya wanawake kuna mama anatapika damu, klipu zimegoma. Hukuficha mwingine?"

"Nilificha mmoja tu, bosi."